Kamba Ilikatika au Ilikatwa? Mwongozo wa Kuandika Riwaya ya Taharuki ya Mlimani, kutoka Goma

Tarehe 14 Julai 1865 wanaume saba walisimama juu ya Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika. Wakati wa kushuka mmoja aliteleza, akamkumba mwenzake, uzito wao ukawavuta wawili wengine, na kamba iliyowaunganisha wote ikaachana katikati. Wanne wakapotea chini. Watatu wakabaki wameshikilia mwamba: Mwingereza Edward Whymper, pamoja na mzee Peter Taugwalder na mwanawe, waongozaji wa Zermatt. Baadaye minong'ono ikazuka kwamba mzee Taugwalder aliikata kamba ili ajiokoe. Uchunguzi ulimsafisha, minong'ono haikukoma. Kipande cha kamba ile bado kiko katika jumba la makumbusho la Zermatt.

Niliwahi kukisimulia kisa hiki kwa vijana wachache wanaopenda kuandika, hapa Goma, mtaa wa Himbi. Nikasema "kamba ilikatika." Binti mmoja akaniuliza: "Ilikatika, ao ilikatwa?"

Swali hilo lilinipa njia yote ninayoieleza hapa. Riwaya ya taharuki kuhusu wapenzi wa michezo ya hatari, waliojitenga juu ya mlima au ndani ya pango, haiishi kwa maporomoko wala kwa damu. Inaishi kati ya vitenzi viwili. Msomaji akae kurasa mia mbili hajui ni kipi cha kweli, na msimulizi mwenyewe asiwe na hakika.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali ambapo mtu hawezi kujiondokea

Nachukua Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, kwa mfano kwa sababu tunauona kila asubuhi mawingu yakiruhusu. Una mita 3,470, kiasi cha kilomita 20 kaskazini mwa mji. Njia ya kupanda inaanzia Kibati, inapita msituni, inavuka lava ya zamani, inapita penye nyufa zinazotoa mvuke, kisha mwishoni inasimama wima juu ya mawe yanayokimbia chini ya viatu. Kupanda huchukua muda wa saa nne mpaka sita. Juu kabisa kulikuwa na vibanda vidogo ukingoni mwa kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano, ambayo upana wake unakaribia kilomita 1.2. Wakati wa utalii, wageni walilala hapo usiku mmoja, wakashuka asubuhi. Hukupanda bila walinzi wa hifadhi wenye silaha.

Andika daftarini mambo matatu kuhusu mahali pako. Mtu anaingiaje? Anatokaje? Nini kinaisha? Kwa Nyiragongo, kinachoisha ni maji. Huko juu hakuna mto wala chemchemi, maana mwamba wa lava hunywa mvua yote. Kila tone limebebwa mgongoni mwa mtu. Hilo ni zawadi kwa mwandishi, kwa sababu maji yanahesabika, na penye hesabu shaka huingia bila kubisha. Chupa kumi na mbili zilipanda, jioni zilibaki saba, alfajiri ziko nne. Nani aliamka usiku?

Walinzi wasikusumbue. Wapo waandishi wanaomwondoa mlinzi mapema ili wabaki na wahusika wao peke yao. Mimi nasema mwache abaki. Mtu mwenye bunduki anayeijua njia, ambaye hajaambiwa ugomvi wa kundi, na ambaye wote wanamtegemea ili washuke salama, huyo ni mhusika. Mpe familia kijijini Rugari au Kibumba, mpe sababu ya kutaka safari iishe haraka.

Na simu? Msomaji wa Goma anajua kwamba mlima unautazama mji, kwa hiyo ukimwambia tu "mtandao haukuwepo" atakushuku. Tumia baridi. Usiku juu kule joto hushuka karibu na kuganda, na betri ya simu hufa upesi kwenye baridi. Kisha mwonyeshe mhusika wako akiwa amesimama ukingoni, simu imezimika mkononi, taa za Goma na Gisenyi zimetandazwa chini yake kama makaa. Anaweza kukadiria taa ya mtaa wa mama yake iko wapi. Hakuna anayemsikia.

Jambo jingine la lazima ni tarehe. Hifadhi ya Virunga, ambamo mlima huu umo, iliyoanzishwa 1925, ilifungwa kwa watalii 2018 kwa sababu ya usalama, ikafunguliwa Februari 2019, ikafungwa tena Machi 2020 korona ilipoingia. Ziwa la lava lilikuwepo ndani ya kreta wakati huo, likachemka na kunguruma kama mawimbi. Mlipuko wa 22 Mei 2021 ulilimwaga. Kwa hiyo safari ya kubuni ya Agosti 2019 inakubalika. Ukiandika safari isiyo na mwaka, msomaji wa hapa ataacha hadithi na kuanza kujiuliza: ni lini walipanda hao?

Ukiwa Bukavu una mlima Kahuzi, mita 3,308, wenye mianzi na ukungu. Ukiwa Lubumbashi una maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, mahali pazuri kwa hadithi ya watu wanaoshuka kwa kamba. Kaskazini kuna Rwenzori yenye kilele cha Margherita, mita 5,109, na matope yanayomla mtu mpaka magotini. Pa kwako utapajua mwenyewe.

Hatua ya pili: jua mahali pale panakufanyia nini kichwani

Hapa ndipo waandishi wengi wanapokimbia, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko pengine pote.

Kwenye mita 3,470 hewa ina takriban theluthi mbili ya oksijeni iliyopo usawa wa bahari. Mtu wa Goma amezoea kiasi, kwa kuwa mji wetu uko karibu mita 1,500, lakini kupanda mita elfu mbili karibu zote kwa siku moja ni kuusukuma mwili. Ugonjwa wa mwinuko hauji papo hapo. Kwa kawaida dalili huanza saa kadhaa baada ya kufika, kwa hiyo zinaangukia usiku, giza likiwa limeshaingia na kushuka hakuwezekani: kichwa kinagonga, tumbo linakataa chakula, usingizi unakatika. Usimpe mhusika wako maono ya ajabu kwa sababu ya mwinuko huu. Wanaosikia sauti na kuona watu wasiokuwepo kwa sababu ya mwinuko peke yake mara nyingi ni wale walio juu ya mita 7,000.

Kitu ninachokupa badala yake kinatisha zaidi, kwa sababu ni cha kweli na ni kidogo. Mtu aliyelala mahali pa juu hupumua kwa vipindi. Anavuta pumzi nzito kadhaa, kisha anaacha kabisa kwa sekunde kumi au zaidi, halafu anashtuka na kuvuta tena. Sasa jiweke ndani ya kibanda cha watu wawili. Mwenzako ndiye pekee aliyeona ulichofanya mwaka jana. Kimya. Unahesabu moja, mbili, tatu. Unafika kumi na moja. Mkono wako umeshatoka kwenye blanketi, na hujui ulitaka kumwamsha au la. Pumzi inarudi. Hapo una sura nzima, na hakuna aliyeguswa.

Uchovu mkubwa nao huleta mgeni. Mwaka 1916 Ernest Shackleton na wenzake wawili walivuka milima ya kisiwa cha South Georgia kwa saa 36, na baadaye wote watatu wakakiri kwamba walihisi wako wanne. Mwaka 1933 Frank Smythe, akiwa peke yake juu ya Everest, alimega kipande cha peremende ya mnanaa akageuka kumpa mwenzake, na mwenzake hakuwepo. Angalia namna hofu inavyoingia kupitia ukarimu. Mgeni wako asiyekuwepo asije na kisu, aje akiwa na kiu.

Sasa mazuku. Neno hili limetoka kwetu likaingia katika vitabu vya wataalamu wa volkano duniani: gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde na mashimo ya lava, hasa upande wa Ziwa Kivu kati ya Goma na Sake. Haina rangi wala harufu. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini kama maji ndani ya beseni. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, hujaa. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi amelala amekufa. Akiinama, anaingia ndani yake.

Mwaka 2013 watafiti Marekani walichapisha jaribio juu ya watu watatu ambao amigdala zao, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, zilikuwa zimeharibiwa na ugonjwa. Mmoja wao alijulikana kwa kutoogopa nyoka wala bunduki. Walipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, wote watatu walishikwa na hofu kali. Rudia kusoma hapo, ndugu mwandishi. Riwaya yako inahusu watu wanaojisifu kwamba hawaogopi kitu, nawe unaishi penye ardhi inayotoa gesi ile ile inayowaogofya hata wasio na kiungo cha hofu.

Nitakuonyesha ninavyoitumia. Wachunguzi wa mapango ya lava, alfajiri:

Bahati aliinama kufunga kamba ya kiatu. Niliendelea kutembea. Nilihesabu hatua kumi na mbili kabla ya kugeuka. Alikuwa amepiga magoti, paji la uso limegusa jiwe, kama mtu anayesali. Nikawasha kiberiti, nikashusha mkono polepole. Kifuani moto uliwaka. Kiunoni uliwaka. Magotini ukazimika. Nikawasha cha pili.

Anayeingia kumwokoa mtu penye mazuku naye huinama, naye hufa. Msimulizi ana udhuru halali wa kutomgusa Bahati. Lakini kwa nini njiti ya pili? Je, ya kwanza haikumtosha, au alihitaji muda upite? Usilijibu swali hilo. Lirudishe kila baada ya sura kadhaa, kila mara likiwa na njiti moja zaidi.

Kosa moja la kuepuka: usitoe gesi ya Ziwa Kivu ghafla ili imuue mpiga mbizi mmoja. Ndani ya ziwa kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, lakini zimefungwa kilindini na uzito wa maji. Zikitoka, si hadithi ya watu watano tena. Mwaka 1986 ziwa Nyos, Kamerun, ambalo ni dogo sana kwa Kivu, liliua watu wapatao 1,700. Mpiga mbizi wako ana hatari yake ya kutosha. Akihema haraka haraka kabla ya kuzama, anaondoa mwilini ile kaboni dayoksaidi ambayo ndiyo humwambia mtu apande kuvuta hewa. Kengele haitalia. Atazimia akiwa ametulia kabisa, na aliye juu ya mtumbwi atadhani bado anajifurahisha.

Hatua ya tatu: watu watano, na mmoja hatoki mbali

Zaidi ya sita msomaji atawachanganya. Mwanasaikolojia Marvin Zuckerman, aliyetunga kipimo cha kutafuta msisimko mwaka 1964, alikuja kuigawa tabia hiyo mara nne: kupenda hatari ya mwili, kupenda mambo mapya, kupenda kuvunja miiko, na kushindwa kuvumilia maisha ya kila siku. Mpe kila mpandaji moja tu. Yule wa mwisho ndiye wa kuogopa, maana huyo hakuja kwa ajili ya mlima, amekimbia nyumba.

Msiwajaze wageni tu. Hapa kwetu kuna vijana wanaoteremka kutoka Kibumba juu ya chukudu, baiskeli za mbao zisizo na pedali, magunia yamewazidi urefu, mteremko mrefu, lori linakuja mbele. Wanaifanya kazi hiyo ili wale. Muweke mmoja kati ya watu waliolipa fedha nyingi kutafuta hatari, umpe mzigo wa kubeba, na usiandike hotuba juu ya tofauti yao. Mwache aone tu jinsi wanavyopigana picha mahali ambapo yeye angeshika breki.

Kisha siri. Mmoja lazima awe na kifo cha zamani, na angalau mwingine awe anajua nusu yake. Nusu, si yote.

Hatua ya nne: shika vitenzi

Hii ndiyo mali yetu, na sioni waandishi wakiitumia ipasavyo. Angalia: alianguka, aliangushwa, alijiangusha, waliangushana. Mzizi mmoja, kesi nne mahakamani. Kamba ilikatika: hakuna mkosaji. Kamba ilikatwa: kuna mtu, hatumtaji. Kamba aliikata: tumemtaja, na kwa kuwa kiambishi a- hakisemi mwanamume au mwanamke, bado tumemficha. Unaweza kuandika sura tatu za mtu anayemfuata kundi gizani na msomaji asijue ni kaka au dada, bila kufanya hila yoyote.

Neno linabadilisha hata kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo wa magari kwa vitenzi tofauti. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, kama kusema magari yalipondana badala ya yaligongana, walitaja mwendo mkubwa zaidi. Baada ya wiki moja, wengi zaidi kati yao walikumbuka vioo vilivyovunjika, na vioo havikuwepo.

Fanya hivi. Andika tukio la kifo mara moja tu, katika sentensi moja. Mpe kila mhusika kitenzi chake kwa tukio hilo, ukiandike pembeni ya jina lake, asikibadilishe. Kisha, mahali fulani baada ya nusu ya kitabu, mmoja ateleze atumie kitenzi cha mwingine. Msomaji makini atarudi nyuma kurasa hamsini kuhakikisha.

Na ujue vifaa. Kamba ya kupandia ina kiini cha nyuzi ndani na ala iliyofumwa nje. Ikisuguliwa juu ya lava, ala huchambuka na kiini hutoka kama mswaki wa zamani. Lakini kamba iliyobeba uzito ikipita juu ya ncha kali inaweza kuachana karibu kama iliyopigwa kisu. Kwa hiyo kipande cha kamba hakithibitishi kitu, na mhusika wako anayekiangalia kila usiku kwa tochi anaangalia mahali ambapo jibu halipo.

Hatua ya tano: msimulizi asiyeaminika, bila kumfanya mwongo

Mwongo huchosha. Anayekumbuka vibaya kwa moyo safi ndiye anayetisha.

Jumamosi ile ya 22 Mei 2021, anga ilipogeuka nyekundu, tulitoka nyumbani watu sita tukielekea Sake kwa miguu. Yaya wangu, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, anasema mimi ndiye niliyefunga mlango kwa kufuli. Mimi nakumbuka niliuacha wazi ili jirani apate maji. Mama anasema mlango hatukuugusa, tulitokea nyuma. Sote tulikuwepo, hakuna mwenye sababu ya kudanganya, na kila mmoja yuko tayari kuapa. Tuliporudi mlango ulikuwa umefungwa.

Mtengeneze msimulizi wako kwa kipimo hicho. Kaa na watu wa nyumbani kwako, chagua usiku mmoja mgumu, sikiliza kila mmoja peke yake, andika wanapotofautiana. Utaona hawatofautiani juu ya moto, wanatofautiana juu ya mlango. Kisengerenyuma chako, yaani kurudi nyuma kwa hadithi, nacho kiende hivyo hivyo: kila kinaporudi, tukio kubwa libaki lilivyo na kitu kidogo kisogee.

Hatua ya sita: gawa saa

Chora mistari kwenye karatasi, kila mstari saa moja, tangu kundi linapoondoka Kibati saa nne asubuhi mpaka linaporudi kesho yake. Kwa kila mhusika andika yuko wapi, maji kiasi gani, tochi iko kwa nani. Kazi hii inachosha, ifanye. Sadfa moja msomaji atakusamehe, mbili hapana.

Hatua ya saba: wahusika wazungumze kama sisi

Masimulizi yaende kwa Kiswahili sanifu ili mtu wa Mombasa na Dodoma asome. Ndani ya alama za kunukuu, wape watu wa Goma mdomo wao.

"Yaya, kamba iko wapi?"
"Juu ya nini unauliza?"
"Niko nauliza tu."
"Lala."

Maneno kumi na mawili, na tayari mmoja ana hofu. Mtu wa hapa anapoogopa hasemi "moyo wangu unadunda." Anauliza kitu kilipo. Mkubwa anamjibu kwa swali, kwa kuwa ni mkubwa, na mdogo hawezi kumshinikiza. Heshima yetu kwa wakubwa ni kamba nyingine katika hadithi, itumie. Mdogo aliyeona kila kitu na asiyeweza kumwita yaya wake muuaji mbele ya wageni atakubebea kitabu chote.

Kabla hujamwonyesha mtu mswada

Mlima huu uliua watu 1977, 2002 na 2021. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, na wapo watakaokusoma wakiwa wamejenga juu yake. Usitumie mlipuko kama mwisho wa haraka wa kuwaondoa wahusika uliochoka nao. Mswada wa kwanza mpe mtu aliyekimbia mmoja wa milipuko hiyo, umwombe aweke alama mahali alipoacha kukuamini. Mimi nilimpa mama. Aliweka alama moja tu, pembeni ya sentensi ambapo mhusika wangu, akikimbia, aligeuka kuutazama moto. "Hatukugeuka," aliandika.

Kuhusu mwisho wa riwaya, nimejaribu kumtaja muuaji na nimejaribu kutomtaja, na ulionikaa ni huu: mwaka umepita, mama wa marehemu yuko uani kwake Majengo, anaanika nguo. Kamba aliyoifunga kati ya kuta mbili ni ile waliyomletea kutoka mlimani, kwa kuwa ni imara na hakuna aliyethubutu kumwambia. Msimulizi amekuja kumsalimia. Anaona ncha yake imefungwa fundo mara mbili pale kwenye mkato, hawezi kuiona vizuri. Mama anamwomba amshikie upande ule wa pili, akaze.